Ukungu Kwenye Skrini ya Wifi Shamsiya

Hasira zangu hazina breki, na watu wa Chumbageni wanalijua hilo. Nikikasirika nasema, nikimaliza kusema nakaa nafuma vitambaa. Habari za wifi yangu Shamsiya nitazieleza hivyohivyo, na kama yupo mtu wa ukoo wa mume wangu atakayeona nimemvunjia heshima, aje aniambie. Mlango wangu anaujua.

Shamsiya ni mdogo wake mume wangu, Hashil. Baba yao alikuwa mtu wa mashamba ya Maramba na wa nasaba ndefu iliyoanzia Oman, na nasaba hiyo alikusomea hata kama hukumwuliza. Mimi, Mwanasiti, ni mtoto wa wavuvi wa Mtang'ata. Siku niliyoingia nyumba ile bibi harusi, Shamsiya alinitazama juu mpaka chini akaniuliza, "Eti wifi, kwenu umeme umefika?" Nikamjibu, "Umefika, lakini hatuna haja nao. Wanawake wetu wanang'aa wenyewe." Akacheka mpaka akakaa chini. Tangu siku hiyo tukapendana, na utani wa mawifi haujapungua hata leo.

Aliolewa Pangani, akaachika, akarudi kwao na sanduku la nguo na mashine ya kuchapa. Baba yake hakumwuliza neno. Alifungua chumba cha mbele, kile chenye mlango wa barabarani, akasema mbele yetu sote, "Hiki ni chako, mwanangu, mpaka utakapokichoka mwenyewe." Shamsiya akabandika kibao cha steshenari, akaanza kazi. Kadi za harusi, vijitabu vya khitma, ratiba za mahafali, maombi ya kazi, vyote vilipita mikononi mwake, kwanza kwa mashine ya kuchapa, baadaye kwa kompyuta. Kadi zake zina maandishi ya Kiarabu juu na ya Kiswahili chini, na irabu za Kiarabu zimekaa kila moja mahali pake, kwa hiyo hata watu wa Usagara, ambako steshenari zimejaa, huja kwake. Hakutajirika, lakini hakumwomba kaka yake hata kipande cha sabuni. Mimi nasema hilo ndilo lililokuwa likimkera kaka yake, ingawa mwenyewe atakataa.

Na ni Shamsiya aliyemwuguza mama yao, Bi Nihal, alipopofuka. Bi Nihal hakupofuka ghafla. Macho yalimwacha polepole, na madaktari walisema ugonjwa ule hutembea kwenye ukoo. Shamsiya alimshika mkono kumpeleka msalani, akamsomea Yasini, akamwambia rangi ya kanga za wageni waliokuja kumjulia hali. Alipofariki, msiba ukaisha lakini hofu ikabaki. Ndani ya nyumba ile neno "sioni" halitamkwi. Ukipoteza funguo usiseme huzioni, sema zimejificha. Giza likiingia usiseme huoni njia, sema taa iletwe. Mimi mgeni wa ukoo nilijifunza hayo kwa kukatwa jicho, na baada ya miaka nikawa nayafuata kama wao.

Sasa njoo kwenye hiyo kompyuta. Ni laptopu ambayo bawaba zake zililegea zamani, kifuniko kikawa hakisimami. Nadir, mwanangu mkubwa, aliifunga, akailaza kwenye rafu chini ya meza, akaiunganisha kwa waya na skrini kubwa aliyoiweka mezani pamoja na kibodi. Na kwa kuwa nyumba za kwetu hakuna kitu kinachokaa uchi, si redio, si friji, si televisheni, niliifumia laptopu ile kitambaa cheupe chenye maua pembeni. Shamsiya akaweka juu yake chombo cha maua ya plastiki. Muda ukapita, na sote tukasahau kwamba chini ya kitambaa kuna kioo kingine. Kwetu sisi kompyuta ilikuwa ile skrini kubwa.

Siku moja Nadir akasema mfumo wa zamani unakufa, lazima apandishe mpya. Akaitoa laptopu, akashinda nayo mchana kutwa, akaifunga, akarudisha kitambaa na maua kama alivyovikuta, akaenda zake kijiweni. Kesho yake Shamsiya akakaa mezani kumalizia kadi ya harusi. Herufi zote zilikuwa na ukungu. Ungedhani kila moja imevaa ushungi.

Akamwita. "Nadir, njoo uone ulichonifanyia."

Nadir akaja na simu yake mkononi, akatupa jicho. "Mbona inasomeka, shangazi?"

"Kusomeka inasomeka. Hata maandishi ya kwenye gunia la unga yanasomeka. Nakuuliza kwa nini yana ukungu."

"Mfumo mpya ndivyo ulivyo. Maandishi yake ni laini. Utazoea."

Yule ni mwanangu, nimemzaa kwa uchungu, lakini siku ile ningekuwepo ningemzoeza kwa mwiko. Shamsiya hakuzoea. Ikifika adhuhuri kichwa kinamgonga, macho yanamtoka machozi, na kazi iliyokuwa ya asubuhi moja ikawa ya siku nzima. Akamwita Hashil, kwa kuwa ndiye kaka mkubwa na ndiye mwenye kauli kwa Nadir. Na hapo, kwa uchovu, akateleza ulimi. Alisema, "Kaka, sioni vizuri herufi za hapa."

Mimi nilikuwa uani naanika nguo, nikalisikia neno lile, nikasimama na shuka mkononi.

Hashil aliingia chumbani, akainama mbele ya skrini, akaitazama kwa muda mrefu. "Mbona safi?" akasema. "Mimi naona sawasawa kabisa. Na mimi ni mkubwa wako."

"Kaka, angalia hapa pembeni mwa herufi. Zimevimba."

"Nimeangalia. Hapa hapana kitu, Shamsiya. Kitu kiko kwako."

"Kwangu kivipi, na karatasi ikitoka kwenye printa naiona vizuri?"

"Karatasi unaisogeza puani." Akamshika bega kama mtu anayetoa rambirambi. "Usijali, mdogo wangu. Hatutakutupa."

Hatutakutupa! Mwanamke anajilisha mwenyewe tangu wewe una nywele nyeusi, leo umwambie hutamtupa. Nilimsubiri jikoni nikamwambia yangu yote, naye akanisikiliza akiwa ameelekeza uso dirishani.

Na mume wangu wakati ule alikuwa ameshanichosha kwa mengi. Alikuwa anamimina chai nje ya kikombe, juu ya kitambaa cha meza nilichokifuma Ramadhani nzima, halafu anauliza nani kasogeza kikombe. Anajikwaa kwenye kigoda kilichokaa palepale kilipokaa siku zote, anapiga kelele nyumba nzima. Ujumbe wa simu hataki kusoma, mpaka Nadir amsomee, sultani na karani wake. Shehe Suleimani wa msikitini alinisimamisha njiani akaniambia, "Mama Nadir, mzee siku hizi tunampungia mkono haitikii. Tumemkosea nini?" Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Nilipofika nyumbani nikamwambia Hashil, maringo ya baba yako umeyarithi uzeeni. Akanyamaza vilevile. Na mimi hakuna kinachonipandisha mori kama mtu anayenyamaza.

Basi akaanza kumtibu dada yake. Kwanza akamletea miwani. Shamsiya akaivaa kwa ajili ya heshima, akatazama skrini, na ukungu ukawa mkubwa zaidi, maana miwani inakuza kile kilichopo. Akaivua. Hashil akatikisa kichwa. "Haikukusaidia," akasema. "Mama pia haikumsaidia." Kwa hiyo kupona kwa miwani kungekuwa ushahidi kwamba anaumwa, na kutopona ni ushahidi kwamba anaumwa zaidi. Ungemshinda wapi mtu wa namna hiyo?

Baada ya miwani likaja kombe, zile aya zinazoandikwa kwa zafarani zikaoshwa kwa maji ya kunywa. Jamani, mimi kombe silidharau. Qur'ani ni shifaa, na mimi mwenyewe nimelinywa na likanifaa. Lakini kombe anywe mwenye maradhi, na hapa mwenye maradhi ilikuwa skrini. Shamsiya akanywa, kikombe asubuhi, kikombe jioni, ile zafarani ikamkaa kwenye midomo. Kisha Hashil akaagiza chumba kifukizwe ubani, kwa kuwa huenda ni kijicho cha wenye steshenari wa Usagara. Moshi ulijaa mpaka karatasi zote zikanuka. Mwenye harusi mmoja aliuliza kama kadi zake zimetoka matangani. Nikamwambia Hashil, "Baba Nadir, la kuvunda halina ubani. Mtafute mtu wa kompyuta." Akaniambia niheshimu wakubwa.

Hayo yote tungeyavumilia. Kilichotuvunja ni habari ya Mwalimu Benedikta.

Mwalimu Benedikta anafundisha shule ya msingi, na kazi zake zote kwa miaka huleta kwa Shamsiya. Siku hiyo alikuja kuagiza kadi za kipaimara cha mwanawe. Hashil alikuwa amekaa barazani. Akamzuia kwa upole, ule upole wake unaoua. "Mwalimu, karibu. Ila nakuomba usimtaabishe dada yangu. Macho yamemwanza, kama mama yetu. Anaona haya kusema." Mwalimu akashika mdomo, akasema pole, akaondoka na kazi yake. Shamsiya alikuwa ndani, nyuma ya pazia, amesikia neno kwa neno.

Alikuja jikoni kwangu mtandio ukiburuta sakafuni. Sijawahi kumwona vile, wala alipoachwa. Alishika ukingo wa meza ya jikoni akasema, "Amenizika, wifi. Amenizika na mimi nasikia." Kisha akapiga meza kwa kiganja, vikombe vikaruka. "Nyani haoni kundule! Yeye anayejikwaa kwenye vigoda ndiye wa kuwatangazia watu macho yangu!"

"Mwambie hivyohivyo usoni," nikasema.

"Ni kaka yangu. Nimwambie nini mbele ya watu?"

Hilo ndilo tatizo la malezi yao. Mdogo hambishii mkubwa barazani, na mkubwa analijua hilo, analitumia.

Jambo likasambaa mtaani. Watu wakaanza kumsalimia Shamsiya kwa sauti kubwa, kama vile macho na masikio ni kitu kimoja. Wateja wakapungua. Ijumaa moja, baada ya sala, Hashil akatangaza kwamba Jumapili alasiri kutakuwa na kikao cha ukoo. Ami Yaqoub, mdogo wa marehemu baba yao, angeshuka kutoka Maramba. Nilijua kinachokuja kabla hajakimaliza. Shamsiya aende Maramba akapumzike kwa ami, kuna hewa nzuri na wasichana wa kumwangalia. Chumba cha mbele apewe Nadir, afungue duka la simu. Nadir alikuwa amekaa pale, anatazama vidole vya miguu yake.

"Na wewe umekubali?" nikamwuliza mwanangu.

"Baba ndiye kasema, mama."

"Shangazi yako ndiye aliyekupeleka chuo cha Qur'ani ukamkamata mkono njia nzima."

Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe, nami nikaona wazi nilimchelea sana.

Lakini kilichonikasirisha kupita Hashil na Nadir ni Shamsiya mwenyewe. Jumapili asubuhi alikaa nami uani tunachambua mchele wa pilau ya kikao, akasema kwa sauti ndogo, "Labda ni kweli, wifi. Mama naye alianza kwa kukataa. Nilimwambia mama amezeeka, yeye akasema taa ndiyo mbovu. Mimi nasema skrini ndiyo mbovu. Tofauti iko wapi?"

Niliinua kichwa nimtukane, nikaona mikono yake. Hakuwa na miwani. Alikuwa anaongea huku anautupia mchele jicho mara mojamoja, na kila vidole vyake viliposhuka kwenye ungo vilitoka na kijiwe cheupe, kidogo, rangi moja na mchele wenyewe. Mimi nimeolewa ukoo wa watu wanaoogopa macho, lakini nimechambua mchele maisha yangu yote. Nikamkamata mkono.

"Hiki umekionaje?"

"Kipi?"

"Kijiwe hiki. Mtu anayepofuka anachambua mchele hivi? Mama yako alichambua?"

Akakitazama kijiwe kiganjani. Akakitazama tena. "Mama aliacha kuchambua mchele kabla hajaacha kitu kingine chochote," akasema taratibu. Kisha akasimama, mchele ukamwagika kwenye mkeka. "Twende."

Tukaenda steshenari. Mimi kompyuta siijui, ninachojua ni televisheni, na televisheni ikileta ukungu tunaanza kufuata waya inakotoka. Nikaushika waya wa skrini nikaufuata kwa mkono mpaka ukaingia chini ya kitambaa changu. "Hapa kuna nini?" nikamwuliza.

"Laptopu yenyewe."

"Si ina kioo chake?"

Shamsiya alinitazama kama mtu aliyeitwa jina lake na mtu asiyemjua. Tukayatoa maua, tukatoa kitambaa, tukaipandisha laptopu mezani, tukainua kile kifuniko kilicholegea na kukiegemeza ukutani. Kioo kikawaka. Shamsiya akaishika ile kadi ya harusi kwa mausi, akaiburuta kutoka kwenye skrini kubwa mpaka ikashuka nusu kwenye kioo cha laptopu. Nusu ya juu ukungu. Nusu ya chini herufi nyembamba, kali, nyeusi, hata mimi niliyesimama nyuma niliziona zote. Kadi moja, jicho lilelile, mtu yuleyule.

Alilia, lakini si kwa huzuni. "Yule mtoto alikishika kioo hiki kwa mikono yake," akasema. "Alikiona. Akakifunga akaniambia nitazoea."

Akafuta machozi kwa ncha ya mtandio, akavuta kiti. Akafungua setingi za skrini akaanza kusoma mstari kwa mstari, midomo ikicheza. Baada ya muda akapiga paja. Ule mfumo mpya ulikuwa umeidhania skrini kubwa ni televisheni. Ukaipa picha ndogo kuliko umbo lake, kisha ukaivuta ijae, kama kumvalisha mtu mzima shati la mtoto na kulivuta mpaka lifike mikononi. Ndiyo maana herufi zilivimba. Akachagua ukubwa ambao skrini ilitengenezewa. Yote ikawa nyeusi, nikasema innalillahi, ikarudi. Herufi zilikuwa safi lakini zimekuwa ndogo kama sisimizi. Akaziongeza ukubwa kwenye mstari wa chini yake, akatoka kwenye mfumo akaingia tena kama ulivyomwomba. Kisha akatafuta sehemu ya kunolea maandishi. Ikamletea visanduku vya maneno, ikamwambia achague kile anachokiona vizuri zaidi. Akachagua. Ikamletea vingine. Akachagua tena, hakusitasita.

Alipofika cha mwisho akaniegemea. "Unajua, wifi, tangu jambo hili lianze, huyu ndiye wa kwanza kuniuliza ninachokiona."

Nilitaka kupiga vigelegele. Akaniziba mdomo. "Usipige. Waache waje."

Alasiri wakaja. Ami Yaqoub ameshavuka sabini, ana miwani minene na fimbo, lakini akili yake imetulia. Shamsiya akamwamkia, "Shikamoo ami," naye akaitikia, "Marahaba, binti yangu," akimtazama kwa huruma. Pilau ikaliwa. Hashil akajikohoza akaanza maneno yake ya hewa ya Maramba. Shamsiya akamwacha afike nusu, kisha akasema, "Ami, kabla hujatoa kauli, naomba wote mje chumbani kwangu. Si mbali."

Hashil akasema hapana haja. Ami Yaqoub akasema yeye ametoka Maramba, hatashindwa kuvuka ukumbi. Tukaingia wote, tukabanana. Shamsiya akairudisha skrini kwenye ule ubaya wake wa mwanzo, kadi ya harusi ikajaa kioo kizima.

"Ami, unaona nini?"

Mzee akainamia fimbo yake. "Naona maandishi. Lakini ni kama yamelowa maji."

Shamsiya akabonyeza. Skrini ikawa nyeusi kidogo, ikarudi.

"Ah!" Ami Yaqoub akacheka. "Sasa yamekauka! Naona mpaka nukta."

"Hayo maji, ami, ndiyo niliyoyalalamikia. Nikanyweshwa kombe."

Nadir alikuwa ameshaelewa, uso umemwiva. "Shangazi, ilikuwa inajidhania televisheni. Nisamehe. Sikuangalia vizuri."

"Uliangalia simu yako," nikamwambia mimi, kwa kuwa shangazi yake asingemwambia.

Ami Yaqoub akapiga fimbo chini. Akasema marehemu kaka yake alikitoa chumba kile mbele ya watu, na hakuna kikao cha kukirudisha. Huko Maramba yeye ana watu wa kutosha wa kumtembelea, hahitaji wa kuhamia. Mambo yangeishia hapo, na mimi ningeenda kuchukua chai. Lakini Shamsiya hasira zilikuwa bado zimemjaa, na haki yake ilikuwa haijatoka kwenye kinywa alichokitaka. Akamgeukia kaka yake.

"Bado wewe, kaka. Umenivisha miwani. Umenifukizia chumba kama maiti. Umesimama barazani kwangu ukamwambia Mwalimu Benedikta kwamba mimi kipofu. Na siku nilipokuita uangalie, uliangalia, ukasema safi. Sasa sema mbele ya ami. Hii," akabonyeza, ukungu ukarudi, "na hii," akabonyeza, ukatoka. "Ipi ni safi?"

Hashil alitazama.

"Rudia," akasema.

Akarudia. Ukungu. Safi. Hata mbu wa ukutani angeona.

"Shamsiya, usinichezee mbele ya watu," Hashil akasema. "Hujabadilisha kitu. Ni ileile."

Ami Yaqoub akacheka, akidhani ni ubishi. Mimi nilifungua mdomo. Nilikuwa na maneno niliyoyaweka tangu ile siku ya miwani, yamepangwa, makali. Nikauona mkono wake. Mkono wa Hashil ulikuwa unatafuta ukingo wa meza, polepole, na meza ilikuwa hapohapo mbele yake.

Shamsiya naye aliuona. Aliachia mausi. Sauti yake iliposhuka ilikuwa sauti nyingine kabisa, ile aliyokuwa akiitumia chumbani kwa Bi Nihal.

"Kaka. Bibi harusi anaitwa nani?"

Jina lilikuwa katikati ya kadi, kubwa kuliko maneno mengine yote. Bi Lina. Hata Ami Yaqoub alilisoma kwa midomo.

"Mwambie Nadir asome," akasema Hashil.

Hakuna aliyecheka. Shamsiya akasogea, akapitisha kiganja chini ya kiwiko cha kaka yake na kumkalisha kwenye kiti chake cha kazi, vilevile alivyokuwa akimkalisha mama yao. Akaniuliza bila kugeuka, "Wifi, chai anamimina mwenyewe?"

"Anamwaga," nikasema. Na hapo kila kitu kikanirudia kwa pamoja, kitambaa cha meza, kigoda, simu aliyosomewa, Shehe Suleimani na mkono wake hewani. Mimi niliyeona kijiwe kwenye mchele, la mume wangu sikuliona.

Kwenye meza ilikuwepo ile miwani aliyomnunulia dada yake. Hashil akaipapasa mpaka akaipata, akaivaa, akaielekeza sura yake kwenye skrini. Kisha akaivua akaikunja vizuri, akaiweka mapajani.

"Sioni, Shamsiya," akasema. "Siku nyingi sioni. Uliponiita siku ile, nikasema labda ni wewe. Nilimwomba Mungu iwe ni wewe, si mimi."

Shamsiya hakuuondoa mkono wake. Ami Yaqoub akaanza kusoma dua kwa sauti ya chini. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni nimekishika kile kitambaa changu cha laptopu, na hasira zangu zote nilizokuja nazo, na sikujua niviweke wapi.